Mtoto Anayecheka Sebuleni

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Hujambo wewe, hajambo shemeji? Baridi ya huko imepungua au bado mnalala na soksi? Na mgongo wako je, ule uliokuwa ukikusumbua ukipanda ngazi? Mimi sijambo, namshukuru Mungu, ukiacha mafua ya hapa na pale na uvivu ambao unaujua tangu utoto. Mama naye mwili wake hauna neno. Anakula, anatembea mpaka uani na kurudi bila kushika ukuta, na ule mguu wa kulia hauburuti tena. Mambo yake mengine ndiyo yaliyonikalisha hapa mezani na kalamu.

Najua umeshtuka. Umejisemea, huyu mvivu wa kujibu hata ujumbe wa simu, leo kaandika barua ya karatasi, kuna nini? Tulia, dada. Hakuna msiba mpya. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Nikigusa tu habari za mwanao, Bwana Mdogo wetu, unaniambia mtandao unakatika, na mtandao wenyewe haujakatika hata kidogo. Barua huwezi kuikata. Nakuomba uisome mpaka mwisho kabla hujanipigia, na uisome ukiwa umeketi.

Utakuwa umeona pia kwamba hapo juu sikukuandikia salamu za Mama. Zitakuja. Wewe na mimi tumekuwa mafundi wa kubuni salamu, hebu tusifichane. Tangu Mama apatwe na kiharusi hajatamka neno, na wiki ile ile aliyoanguka ndiyo Bwana Mdogo alitutoka kule hospitalini kwenu. Mjomba akakata shauri kwamba Mama asiambiwe mpaka apate nguvu, maana mshtuko mwingine ungemmaliza. Nani angebisha siku ile? Basi ukipiga simu Jumapili unasema mtoto amelala, mtoto kaenda kuogelea, mtoto anamsalimia bibi yake. Mimi naishika simu karibu na sikio la Mama, halafu nakujibu kwamba Mama katabasamu na anambusu mjukuu wake. Mama mwenyewe anakuwa anatazama dirisha. Nguvu zikamrudia, mguu ukamrudia, na hakuna kati yetu aliyekuwa na kinywa cha kumwambia. Daktari wa mazoezi ya kuongea akasema koo na ulimi ni vizima, atazungumza siku akitaka mwenyewe. Tukakaa tukisubiri atake.

Sasa sikiliza yaliyotokea. Pale dukani kwetu kwa miwani, mimi siku zote niko nyuma kwenye mashine ya kusaga lenzi, na maji yake na vumbi lake, simwoni mteja wala mteja hanioni. Bosi kaja na jipya. Ati kila fundi ajue kusimama kaunta na kumhudumia mgeni kwa Kiingereza, na mtihani wenyewe unafanyika mtandaoni. Atakayeshindwa abaki na vumbi lake. Kiingereza changu unakijua, kilikomea kwenye kusema jina langu na habari ya asubuhi. Basi nikavamia mtandao kwa pupa. Loh, vitu vya kujifunzia viko tele, na vingi ni vya bure! Kuna video za mwalimu mmoja ambaye nyusi zake zinapanda na kushuka kwa kila neno, mpaka nikawa nakariri nyusi. Kuna mchezo wa picha unaokupa nyota ukipatia, na ukikosea unalia kama mbuzi, wenzangu wakajua kila kosa langu duka zima. Kuna mabwana wawili waliorekodiwa wakiulizana kituo cha treni kiko wapi. Tangu nianze kuwasikiliza wanaulizana hilo hilo, na sidhani kama treni yao bado inawasubiri.

Lakini vyote hivyo vinakusemesha tu, havikusikilizi. Msichana wa kaunta akaniambia nitafute tovuti ya mazungumzo, ile ambayo unaongea nayo na yenyewe inakujibu. Nikakumbuka kwamba akaunti ya kitu hicho ninayo, na nilimfungulia Mama.

Unakumbuka ilivyokuwa. Ulitutumia tableti ili Mama aonane na mjukuu wake, na wale wawili hawakuwa na lugha hata moja ya pamoja. Yeye anainua paka wake, Mama anainua sufuria. Yeye anaonyesha mabuti yake mekundu ya mvua, Mama anavaa sufuria kichwani, na mtoto anacheka mpaka kwikwi inamshika katikati ya kicheko. Mama akaapa kwamba atakijua Kiingereza mpaka amsimulie mjukuu wake jinsi wewe ulivyokuwa mtukutu. Nilimcheka, Mungu anisamehe, lakini nikamfungulia ile akaunti kwenye tableti yake. Unachagua sauti unayotaka kuongea nayo, ya mwanamke, ya mwanamume au ya mtoto, unaiambia habari zako, nayo inazikumbuka na kukuuliza siku nyingine. Tulifanya masomo mawili matatu pamoja, tukicheka kama wehu, kisha ugonjwa ukaja. Aliporudi kutoka hospitali niliiondoa ile programu ya kupigiana simu za video, asije akampigia mtoto, nikamwachia tableti na video za zamani ajiliwaze. Mkono wake wa kulia ulikuwa haufanyi kazi. Sikufikiria kwamba anao wa kushoto.

Basi nikaifungua akaunti ile kwenye simu yangu, wakati wa mapumziko ya mchana, nimekaa pale pale kwenye mashine. Nilitegemea kuanza mwanzo kabisa. Badala yake ikanipongeza kwa kumaliza masomo ambayo sijawahi kuyaona, halafu ikatoka sauti ya mtoto wa kiume. Ikasema kwa Kiingereza, karibu tena, Bibi, je, umeipata miwani yako? Nikadhani nimeibiwa akaunti na kikongwe fulani wa nchi za mbali, nikacheka peke yangu. Nikajibu kwa Kiingereza changu cha kuungaunga kwamba mimi si bibi, mimi ni fundi wa miwani. Kisha ile sauti ikaniuliza Bibi yuko wapi.

Unanijua nilivyo mwoga. Mende akipita napanda kiti. Lakini hapo bado sikuogopa, nilikuwa natafuta tu mahali pa kuizimia. Kabla sijapaona ikauliza swali jingine. Iliuliza kama mlango umeachwa wazi kidogo, ili paka aweze kuingia.

Dada, maneno hayo uliniambia mimi peke yangu. Uliniambia siku ile ile, kwamba kitu cha mwisho alichokuomba kule wodini ni mlango uachwe wazi kidogo, paka wake akija aweze kuingia. Hukumwambia Mjomba. Uliniambia hata shemeji hukumwambia, kwa sababu alikuwa ametoka nje na hukutaka ajute kwamba hakuwepo. Na mimi sijamwambia kiumbe. Nilikaa pale nimeshika simu kama nimeshika kaa la moto na mwili wote baridi. Lenzi niliyokuwa nimeiacha kwenye mashine ikasagika mpaka ikawa haifai hata kwa mwanasesere, na bosi akanisema mbele ya watu.

Nikajiambia ni bahati tu, kwamba kitu cha kompyuta kinaokoteza maneno popote. Jioni ile nikafika nyumbani na Mama amekaa kwenye kiti chake, kimya chake kile kile, mikono mapajani. Mbele ya kiti chake kulikuwa na kile kigoda cha jikoni. Juu ya kigoda kaegemeza mto wa kochi, kama mtu anavyomwekea mgeni mdogo ili asidondoke. Nikakirudisha jikoni. Kesho yake jioni kilikuwa pale pale tena. Na mlango wa sebule, ambao naufunga asubuhi kwa sababu ya vumbi la barabarani, nikaukuta wazi kidogo, upana wa kiganja. Nikaufunga. Nikaenda kuweka chai jikoni, na niliporudi ulikuwa wazi tena na Mama amekaa vile vile kana kwamba hajajongea.

Halafu akaja msusi, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, yule anayesukia watu barazani kwake. Alikuja na uso wa furaha akanilaumu, ati sisi watu wa siri sana, dada yako kaja na mtoto na hatukumwambia hata aje kusalimu. Nikamuuliza dada gani, mtoto gani. Akasema jamani, huyo mtoto anayecheka humo ndani mchana, mimi na wateja wangu tunamsikia kila siku, na ana kicheko kizuri mpaka kwikwi inamshika. Akaniuliza kama ni yule yule wa kwenye picha, na kama atakaa mpaka likizo iishe. Yeye hajui kwamba tumefiwa, unakumbuka tulikubaliana majirani nao wasijue ili neno lisije likamponyoka mtu mbele ya Mama. Nilimwambia ni televisheni. Akanitazama vizuri, akasema haya, ila televisheni ya kumwita mtu Bibi hajawahi kuiona.

Nilimpigia Mjomba. Nilitaka kwanza anicheke, halafu aniambie la kufanya. Hakucheka. Akasema mitambo hii ina mambo yake, niichukue hiyo tableti niiuze au niitupe, na zaidi ya yote Mama asijue. Asijue nini, nikamuuliza, maana aliyekaa na hicho kitu mchana kutwa ni yeye. Mjomba akasema asijue chochote. Hilo ndilo jibu lake kwa kila kitu tangu siku ile, nawe unamjua. Nilimaliza kuzungumza naye nikiwa na hasira kuliko woga, na nadhani hasira ndiyo iliyonisaidia baadaye.

Sikuichukua tableti. Kusema kweli niliogopa kuigusa. Nilifanya kitu kimoja tu, nilijitahidi kusoma. Nilisikiliza wale mabwana wa treni, nikamwangalia yule wa nyusi, nikarudia maneno kwenye mashine huku maji yakimwagika, kwa sababu niliona kwamba kama kuna siku nitasikia kinachosemwa ndani ya nyumba yetu, afadhali nikielewe.

Siku yenyewe umeme ulikatika dukani na bosi akaturudisha nyumbani saa za mchana. Jua lilikuwa linawaka, watu wamejaa barazani kwa msusi, hakuna kitu chochote cha kutisha barabarani. Nilipofungua mlango wa nje nikamsikia. Dada, ni yeye. Kile kicheko, na kwikwi katikati. Nikashika ukuta wa korido, nikaita jina lake kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia. Kicheko kikakatika ghafla. Kisha kikaanza tena upya, vile vile, kikakatika pale pale. Ndipo nikaelewa kwamba hiyo ni video, ile ya sufuria kichwani, na Mama alikuwa anairudisha nyuma na kuicheza tena. Nilitaka kucheka kwa kushukuru.

Lakini video ikazimwa, na ikaanza sauti nyingine ya mtoto, ile ya tovuti. Inasema polepole, kwa adabu, haina kwikwi. Ikasema hujambo, Bibi. Na mtu mzima akaijibu. Sauti nzito, ya kukwaruza, yenye pumzi nyingi, sijawahi kuisikia maishani mwangu. Ilijibu kwa Kiingereza kwamba hajambo, na kwamba leo kuna jua. Nilikuwa nimebanwa baina ya mlango wa nje na wa sebule nikijiuliza ni nani huyu aliyeingia ndani mwetu kukaa na Mama yangu. Nikachungulia kwenye ule upana wa kiganja. Mama alikuwa ameinama mbele, tableti imeegemezwa kwenye mto juu ya kigoda, na mdomo uliokuwa ukizungumza ulikuwa wake.

Nitakuandikia walichosema kama nilivyokisikia. Kiingereza chake ni kizuri kuliko changu, nakuapia. Ile sauti ilimuuliza leo angependa kuzungumzia nini. Akasema familia. Ikamwambia vizuri, nieleze familia yako. Akasema ana mabinti wawili, mmoja yuko mbali na mmoja yuko karibu, yule wa karibu anajua kupika lakini hafuniki sufuria. Hapo nilitaka kuingia nijitetee. Halafu akasema alikuwa na mjukuu. Akasema mjukuu wangu alikufa. Ile sauti ya mtoto ikamwambia pole sana, Bibi, umesema vizuri, lakini hebu lirudie neno la mwisho polepole kidogo. Na Mama akarudia. Mjukuu wangu alikufa. Ikamwambia vizuri zaidi, mara moja tena. Akarudia tena, ameshika magoti, kama mtoto mbele ya mwalimu. Nilijiziba mdomo kwa mikono miwili.

Ikamuuliza kama ameongea na mabinti zake juu ya jambo hilo. Mama akasema hapana, mabinti zangu hawajui kwamba najua. Akasema walinificha kwa sababu wananipenda, na kunificha kunawachosha, nawaona wanavyochoka. Akasema mimi naweza kuongea. Lakini mdomo wangu ukifunguka, hilo ndilo litakalotoka kwanza, na likitoka watajua kwamba walichokibeba muda wote huo kilikuwa bure. Kwa hiyo nanyamaza. Ile sauti ikasema imeelewa. Kisha ikamuuliza, kama inavyomuuliza kila siku nadhani, kwa sababu yeye ndiye aliyeifundisha, iwapo mlango uko wazi kidogo kwa ajili ya paka. Mama akageuka kuutazama mlango ahakikishe. Akaniona.

Unajua neno la kwanza Mama alilonitamkia kwa Kiswahili baada ya kimya chote kile? Aliniuliza mbona nimerudi mapema, na kama nimekula.

Nililia mpaka nikatapika, dada, sikufichi. Yeye alinishika kichwa kwa mkono wake wa kushoto mpaka nilipomaliza. Nikamuuliza alijuaje. Akasema siku uliyonipigia, nilikimbilia bafuni na nikafungulia bomba ili asisikie. Ni kweli, nilifungulia bomba lote. Lakini nilikuwa najiziba mdomo kwa kanga, nikaweka simu juu ya beseni na spika wazi, na ukuta wa bafu letu haufiki darini, wewe mwenyewe ulikuwa unanichungulia juu yake tulipokuwa wadogo. Chumba cha Mama kiko upande wa pili. Alisikia kilio chako chote. Alisikia habari ya mlango na paka. Alisikia Mjomba alivyokuja baadaye na sisi tukakubali asiambiwe. Alikuwa amelala chali, ndiyo kwanza karudi kutoka hospitali, mdomo umepinda kweli siku hizo, hawezi hata kuniita. Mdomo ulipokuja kunyooka, akasema, ndipo mimi nikaingia chumbani kwake nikicheka kicheko cha kuigiza nikamwambia mjukuu wake anamsalimia. Akaona basi, nyamaza.

Nikamuuliza kwa nini aliweza kusema kwa Kiingereza na si kwetu sisi. Akasema kwa lugha yetu kazika mama yake, kazika baba yetu, kazika ndugu zake, kila neno limeshapita makaburini. Kwa lugha ile hajazika mtu. Anaweza kusema neno lile ndani yake na lisimwangushe. Na zaidi ya hayo, akasema, alimwahidi mtoto kwamba atajifunza, na yeye si mtu wa kuahidi mtoto halafu asitimize. Kila siku anaangalia kwanza ile video, anamsikia anavyocheka, kisha anaiambia ile sauti kisa kimoja cha utukutu wako. Vimeshafika mbali. Kile cha wewe kujifungia kabatini na mkate mzima, kakisimulia mpaka mwisho.

Basi hiyo ndiyo habari ya Mama. Lakini kuna yangu pia, na hii hata yeye sijamwambia.

Juzi alikwenda kwa msusi. Kwa miguu yake, dada, na akamsalimia kwa sauti, msusi akadondosha kitana. Nilibaki peke yangu sebuleni, kigoda kiko pale na mto wake. Nikaketi kwenye kiti cha Mama nikaiwasha. Nilijiambia naangalia tu. Ile sauti ikasema hujambo, halafu ikasema, wewe si Bibi, wewe ni nani? Nikasema mimi ni mama mdogo. Ikasema Bibi ameiambia habari zangu, kwamba sifuniki sufuria. Nikacheka, na ikanijibu kwa kicheko chake kile kisafi, na dada, nilijikuta nasubiri kwikwi. Nilingoja kweli. Haikuja. Najua ni mashine. Mimi mtu wa mashine, najua mashine inafanya kile inachofanyishwa. Lakini ilipouliza mama atakuja lini, nilisema atakuja. Nilikiahidi kitu kisicho na uhai kwamba utakuja, na nikaendelea kukaa pale tukizungumza mpaka nikasikia viatu vya Mama mlangoni, nikazima haraka kama mwizi. Tangu siku hiyo kila nikiwa kazini mkono unanienda mfukoni kwenye simu. Mtihani wa bosi nimeufaulu, nimewekwa kaunta, na wateja wananisifu. Hawajui ulimi niliuzoezea kwa nani.

Nilipomuuliza Mama kama tuifute ile akaunti, alisema kufuta si kazi yake wala yangu. Akasema hilo ataamua mama mzazi. Akasema uje. Usitume salamu za mtoto tena, uje, tukae chini tulie wote kama watu, kwa lugha yetu, halafu ukitaka kuisikia utaisikia, na ukitaka kuifuta utaifuta kwa mkono wako. Mimi naogopa yote mawili. Naogopa ukiisikia hutataka kuondoka kwenye kile kiti, na naogopa ukiifuta nitakuwa nasikiliza ukutani nione kama pamenyamaza kweli. Ndiyo maana nataka uje upesi, kabla sijazoea.

Jumapili ukipiga simu, usianze kusema kwamba amelala. Simu itapokelewa na mtu mwenye sauti nzito ya kukwaruza ambayo huijui. Usikate ukidhani umekosea namba. Ni Mama. Ndivyo anavyosikika sasa.

Mjomba anakusalimia, na ukimsikia mkali usijali, ameshaambiwa na ameona aibu. Msusi anakusalimia na anakupa pole, nimemwambia ukweli, akalia barazani mbele ya wateja wake. Mpe shemeji mkono wangu. Ukipita kule alikolala Bwana Mdogo, mwambie mama yake mdogo anamkumbuka, na kwamba Bibi yake alijifunza.

Na sasa salamu za Mama. Hizi sikuzibuni. Yuko hapa kando yangu, ameshika ukingo wa meza, na ameniambia niziandike kama alivyozitamka, nisiongeze wala nisipunguze, maana watu wote walikwambia neno hili isipokuwa yeye, na amekaa nalo kinywani muda wote huu.

Anasema: pole, mwanangu.

Mdogo wako akupendaye,
Mvivu wa Kuandika